Kununua Kempa Iliyotumika Uingereza: Namna ya Kuamua Kipi Uboreshe na Kipi Ukiache

Kila mwaka, kuanzia Pasaka hadi shule zinapofungwa mwezi Julai, napokea swali lile lile kutoka kwa ndugu na jamaa tunaoishi nao huku Uingereza. Mmoja ameona kempa ya kuuza yenye paneli za sola, betri mbili na turubai la kivuli la pembeni, na ameona nyingine ya umri ule ule ambayo haina kitu lakini ni nafuu zaidi, naye anauliza achukue ipi. Mwingine ameshanunua, fedha kidogo imebaki, na anataka kujua aanze na betri, hita au friji. Nimeandika mwongozo huu ili majibu yakae mahali pamoja, na ili anayeuliza aweze kuusoma kabla hajatoa amana, kwa sababu baada ya amana maswali mengi huwa yamechelewa.

Kwa neno kempa nakusudia gari dogo la kulala, lisilozidi mita sita kwa urefu, lenye kitanda, jiko na pengine choo, lililotengenezwa juu ya vani kama Fiat Ducato, Peugeot Boxer, Volkswagen Transporter au Ford Transit Custom. Ziko za aina mbili, na ni vema uzitofautishe tangu mwanzo. Aina ya kwanza ni vani la bati lililogeuzwa ndani kuwa chumba. Aina ya pili ni ile ambayo nyuma ya kichwa cha vani imejengewa nyumba ya paneli, mara nyingi yenye fremu za mbao. Ya kwanza huliwa na kutu, na ya pili huozeshwa na maji.

Rai yangu, ambayo hatua zote zinazofuata zinaitegemea, ni hii: nunua kempa kwa sababu ya mambo ambayo fedha haiwezi kuyabadilisha baadaye, na vifaa vilivyoongezwa uvihesabu mwisho kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni yako, uliyoisoma upande wa nyuma. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo tangu Januari 1, 1997 ana daraja B, ambalo kikomo chake ni gari la kilo 3,500. Waliofaulu kabla ya hapo kwa kawaida wana daraja C1 linalofika kilo 7,500. Wengi wetu tulipata leseni za hapa baada ya mwaka huo, kwa hiyo kilo 3,500 ndiyo dari yetu.
- Namba ya usajili ya kempa unayoitazama. Kwa namba hiyo unaweza kusoma bure, katika tovuti ya serikali, historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa gari, tangu 2005: kilomita au maili zilizosomwa kila mwaka, sababu za kufeli na maonyo ya wakaguzi.
- Tochi yenye mwanga mkali, kipima unyevu chenye sindano mbili, multimita ya kawaida ya kupimia umeme na kitambaa cha kupigia magoti.
- Mtu wa pili. Wewe utakuwa umeshaipenda, na inahitajika jozi ya macho ambayo haijaipenda.
- Akiba. Usipeleke fedha yote kwenye bei. Mimi humshauri mtu abakishe angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa ajili ya matairi, mikanda ya injini, gesi na matengenezo ya mwaka wa kwanza, na fedha hiyo asiihesabu kuwa ni ya maboresho.

Hatua ya 1: Andika safari, usiandike vifaa

Chukua karatasi uandike safari tatu ambazo kwa hakika utazifanya katika miezi kumi na miwili ijayo: mtakuwa wangapi, mwezi gani, usiku mangapi, na mtalala kwenye kambi yenye umeme au mahali pasipo na umeme. Familia itakayokwenda Wales wiki moja ya Agosti na kulala katika kambi yenye waya wa umeme haihitaji betri ya lithiamu wala paneli za sola. Mtu anayetaka kulala peke yake milima ya Scotland mwezi Novemba anahitaji joto kabla ya kitu kingine chochote. Karatasi hii utairudia katika kila hatua, kwa hiyo usiiandike kichwani tu.

Hatua ya 2: Tenga mambo yasiyobadilika

Yapo mambo ambayo ukikosea kuyachagua utalazimika kuuza kempa nzima ili kuyarekebisha.

La kwanza ni viti vyenye mikanda. Tangazo husema kempa ni ya watu wanne kwa sababu ina vitanda vinne, kumbe mikanda ya kusafiria ni miwili tu, ya viti vya mbele. Kuongeza kiti cha nyuma chenye mkanda kunawezekana, lakini kiti hicho lazima kifungwe kwenye chasisi kwa fremu iliyofanyiwa majaribio ya mgongano. Si kazi ya skrubu nne kwenye sakafu ya plaiwudi. Ikiwa mna watoto, hesabu mikanda kabla ya kuhesabu magodoro.

La pili ni kimo. Kempa yenye paa la kuinuka hupita chini ya vizuizi vingi vya mita 2.1 kwenye maegesho ya mijini, lakini paa likiwa limeshushwa huwezi kusimama. Yenye paa refu la kudumu inakuruhusu kusimama wima, kuvaa nguo na hata kuswali ukiwa ndani mvua inaponyesha, lakini itakufungia maegesho mengi. Uamuzi huu ni wako na wa maisha yako, na hakuna kifaa cha kuurekebisha.

La tatu ni mpangilio wa ndani: kitanda kinachobaki wazi mchana, au kinachokunjwa kila asubuhi. Panda, lala juu yake dakika kumi ukiwa umeshika viatu vyako mkononi, kisha mwambie mwenzako apite kwenda chooni. Utapata jibu hapo hapo.

La nne ni daraja la moshi. Injini ya dizeli isiyofikia Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, hulipa pauni 12.50 kwa kila siku inayoendeshwa ndani ya ULEZ, eneo la London linalotoza magari yenye moshi mchafu, na tangu Agosti 29, 2023 eneo hilo limechukua mitaa yote ya jiji. Magari-nyumba yanayozidi kilo 3,500 yana utaratibu wake wenye ada kubwa zaidi. Hakikisha kwa kuingiza namba ya usajili kwenye ukurasa wa mamlaka ya usafiri ya London, na usikubali neno la muuzaji peke yake.

La tano ni uzito unaoruhusiwa, na hilo nimelitengea hatua yake.

Hatua ya 3: Tafuta maji

Kempa yangu ya kwanza ilikuwa ya nyumba iliyojengwa juu ya chasisi. Muuzaji alikuwa amefunga paneli mbili za sola, na nilipanda bei kwa ajili ya paneli hizo. Mwezi wa tatu, baada ya wiki nzima ya mvua, niliinua godoro kwenye kona ya nyuma upande wa kushoto, nikaibonyeza plaiwudi kwa kidole gumba, na kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Maji yalikuwa yakiingia kwenye mashimo ya skrubu za paneli zile zile. Fundi alizing'oa zote mbili ili alifikie paa, na gharama ya mbao mpya ilizidi mara kadhaa thamani ya sola niliyokuwa nimeifurahia. Tangu siku hiyo siangalii kifaa chochote kabla sijaangalia maji.

Fanya hivi. Nenda siku ya mvua au siku inayofuata. Anza nje: tazama kila kiungo cha paneli, kila dirisha, kila taa ya juu, kila kitu kilichofungwa kwenye paa, na uangalie kama silanti, ile gundi ya kuzuia maji, imepasuka au kama kuna safu mpya iliyopakwa juu ya ile ya zamani. Silanti mpya mahali pamoja tu ni swali la kumuuliza mwenye gari. Kisha ingia ndani, fungua makabati yote ya juu, ingiza pua na unuse. Harufu ya uvundo haifichiki kwa marashi.

Kwa kempa ya paneli, chomeka kipima unyevu kwenye kona za madirisha, chini ya paa, pembeni ya kitanda na karibu na mlango. Usomaji wa hadi asilimia 15 ni wa kawaida. Kati ya 15 na 20 unahitaji kufuatiliwa. Ukizidi 20 kuna mahali panapovuja, na ukizidi 30 ujue mbao huenda zimeshaanza kuoza. Kwa vani la bati, kipima hiki kinaweza kukudanganya kwa sababu ya chuma kilicho nyuma ya paneli. Hapo tafuta kutu kwenye kingo za madirisha yaliyokatwa baadaye, inua zulia, tazama chini ya mlango wa kuteleza, kagua upinde wa magurudumu, na kama paa ni la kuinuka, lifungue kabisa uangalie turubai lake kama lina madoa meusi ya ukungu na mishono iliyoachia.

*Onyo:* Usiamue kwamba utanunua kempa inayovuja kwa bei nafuu na kuirekebisha mwenyewe, isipokuwa ni kazi unayoijua. Doa dogo la nje mara nyingi lina eneo kubwa lililooza nyuma yake, na ukubwa wake haujulikani mpaka ukuta ufunguliwe.

Hatua ya 4: Maliza mambo ya usalama kwa karatasi na kwa macho

Matairi yasomwe umri wake, si unene wake tu. Ubavuni kuna tarakimu nne baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kempa hukaa bila kutembea miezi mingi, kwa hiyo tairi huweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokakamaa na kupasuka. Yaliyozidi miaka sita au saba yahesabu kuwa ni ya kubadilisha, na uiondoe gharama yake kwenye bei.

Mkanda wa taiming, ulio ndani ya injini, nao una kikomo cha miaka pamoja na kikomo cha maili. Muuzaji akisema gari limetembea maili chache tu, muulize mkanda ulibadilishwa mwaka gani na uombe risiti. Bila risiti, chukulia haujabadilishwa.

Gesi haina nafasi ya kubahatisha. Mpira wa gesi una tarehe iliyochapwa juu yake. Uliozeeka hubadilishwa hata kama unaonekana mzima. Kabati la mtungi na sakafu huwa na matundu ya kutolea gesi iliyovuja, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hushuka chini. Nimeona wenye kempa wameyaziba kwa zulia ili kuzuia baridi. Yafungue siku hiyo hiyo. Kabla ya safari ya kwanza, fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, mwenye sifa ya kushughulikia gesi ya magari ya kulala apime mfumo mzima, na kengele ya kaboni monoksaidi iwepo na iwe inafanya kazi.

Mwisho wa hatua hii, tazama kadi ya usajili, V5C, imeandika gari ni la aina gani. Vani nyingi zilizogeuzwa na watu binafsi bado zimeandikwa kuwa ni vani, na kampuni ya bima itakuuliza. Kila badiliko utakalolifanya baadaye, likiwemo sola na hita, lazima uwaarifu bima.

Hatua ya 5: Pima uzito kabla ya kuota maboresho

Wengi wetu tumekulia kwenye HiAce zilizobeba watu mpaka mlango haufungiki, na gari likafika salama, kwa hiyo neno uzito halitushtui. Huku linapaswa kutushtua. Kempa iliyozidisha uzito inaweza kusimamishwa barabarani, ikatozwa faini na kuzuiwa kuendelea na safari, bima inaweza kuleta mgogoro, na zaidi ya hayo yote breki na matairi hayakuundwa kwa mzigo huo.

Tafuta kibati chenye namba ya chasisi, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kina tarakimu nne: uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo, uzito wa juu likiwa na tela, kisha kikomo cha ekseli ya mbele na kikomo cha ekseli ya nyuma. Halafu fanya hesabu hii kwa takwimu zako.

Tuseme kempa ina kikomo cha kilo 3,500 na karatasi za kiwanda zinasema ikiwa tayari kwa safari, dereva akiwemo, ina kilo 3,050. Zimebaki 450. Mama wa kilo 70 na watoto wawili wa jumla ya kilo 60 wanaziacha 320. Turubai la kivuli kilo 25, paneli mbili na fremu zake 20, betri ya pili, ya madini ya risasi, 25, kibebea baiskeli pamoja na baiskeli tatu 60: zimebaki 190. Sufuria, unga, mchele, nguo, matandiko, viti na meza ni 150 bila kujitahidi. Zimebaki 40. Sasa jaza tanki la maji la lita 100. Kiwanda kinaweza kuwa kimehesabu lita 20 tu, na lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unaongeza 80. Umeshazidi kwa kilo 40, na hakuna kitu cha anasa ulichokipakia.

Ndiyo maana kempa yenye vifaa vingi inaweza kuwa mbaya zaidi kwako kuliko ile tupu: mwenye kwanza ameshaitumia nafasi yako ya mzigo. Ikiwezekana, mwombe muuzaji mwende pamoja kwenye mizani ya magari, mpime gari zima na kila ekseli peke yake. Ekseli ya nyuma ndiyo huzidiwa kwanza, hasa kwa kempa yenye mkia mrefu na kibebea baiskeli, kwa kuwa mzigo ulio nyuma ya gurudumu huikandamiza kwa zaidi ya uzito wake wenyewe.

*Onyo:* Kuna kampuni zinazoweza kupandisha kikomo kwa karatasi au kwa kuongeza springi. Ukivuka kilo 3,500, daraja B halikuruhusu tena kuiendesha.

Hatua ya 6: Vithamini vifaa alivyoongeza muuzaji

Muuzaji atakupa jumla ya alichotumia. Jumla hiyo haikuhusu, kwa sababu vifaa hivi hushuka thamani haraka na kazi ya kuvifunga hairudishwi. Kwa kila kifaa jiulize maswali matatu: je, kimo kwenye karatasi ya safari zangu, je, kina risiti na tarehe, je, kimefungwa vizuri. Kifaa kikikosa majibu mawili kati ya matatu, kihesabu sifuri, na kikikosa jibu la swali la tatu, kihesabu hasara.

Kazi ya umeme huonekana ubora wake kwa dakika mbili. Fungua kabati la betri. Waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na ncha ya betri, uwe mnene wa kutosha, umefungwa na kupitishwa kwenye mashimo yenye mpira wa kuukinga. Ukiona nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe, au waya mwekundu unaopita juu ya ukingo mtupu wa bati, hilo ni jambo la moto, na bei lazima iteremke kwa gharama ya kufunga upya.

Hatua ya 7: Safiri mara mbili kabla ya kununua chochote

Baada ya kununua na kumaliza mambo ya usalama, toka usiku mmoja karibu na nyumbani, kisha wikiendi moja kamili, ukiwa na vitu vilivyomo tu. Andika kila kilichokukera, na saa kilipokukera. Wengi hugundua kwamba walichodhani ni shida ya betri ni shida ya baridi, na walichodhani ni shida ya nafasi ni makabati yasiyo na mpangilio. Usiku mmoja wa Machi hufundisha zaidi ya mwezi mzima wa kutazama video.

Hatua ya 8: Boresha kwa mpangilio huu

*Kwanza, hewa na joto.* Upishi wetu ni wa kuchemsha kwa muda mrefu. Sufuria ya pilau au maharage ndani ya chumba cha mita chache, madirisha yakiwa yamefungwa kwa baridi, hutoa mvuke mwingi ambao asubuhi utaukuta kwenye vioo, kwenye godoro na nyuma ya makabati. Feni ya paa yenye uwezo wa kutoa hewa nje ni boresho ambalo mtengenezaji hakulifikiria kwa ajili yetu, na mimi naliweka mbele ya sola. Kwa joto, hita ya dizeli inayovuta mafuta kwenye tanki la gari inafaa kwa anayelala pasipo na umeme, mradi bomba lake la moshi litoke nje kabisa, mbali na madirisha na matundu ya hewa. Anayelala kambini atosheke na hita ndogo ya umeme.

*Pili, umeme, kwa hesabu.* Taa za LED kwa jioni nzima hutumia kama saa-ampea 5 (kipimo cha umeme unaotoka kwenye betri), simu na kompyuta 10, pampu ya maji 2, feni ya hita ya dizeli usiku kucha 10, na friji ya kompresa kati ya 30 na 40 kwa siku. Jumla ni karibu 60. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa 50. Hiyo haifiki siku moja. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo inakupa 80 au zaidi, na ina takriban nusu ya uzito wa ile ya risasi, jambo linalokurudishia kilo za hatua ya 5. Lakini haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na chaja ya zamani huenda haikuundwa kwa ajili yake, kwa hiyo bei halisi ni betri pamoja na chaja.

Paneli ya wati 100 iliyolala juu ya paa inaweza kukupa saa-ampea 30 hivi siku njema ya Julai. Desemba, jua likiwa chini na mchana mfupi, hupati hata 10. Anayesafiri majira ya baridi asitegemee sola. Aichaji betri kwa kuendesha. Hapa wengi hukosea: magari mengi ya Euro 6 yana altaneta, yaani jenereta ya injini, inayopunguza chaji kompyuta ya gari inapoona betri ya kuwashia injini imejaa, na betri ya ndani inabaki na njaa hata baada ya saa tatu za barabara kuu. Dawa yake ni chaja maalumu ya kutoka betri hadi betri, nayo kwa watu wengi ina faida kuliko paneli ya pili.

Kuhusu inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya kuchemshia birika, hesabu inatosha: birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 165 kutoka kwenye betri ya volti 12. Chai ichemshwe kwa gesi.

*Tatu, gesi ya msimu.* Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, ilhali propani huendelea hadi zaidi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kubadilisha mtungi na kuweka wa propani ni boresho la bei ndogo kwa anayesafiri baridi.

*Nne, mengine yote.* Turubai la kivuli, kamera ya nyuma, runinga, viti vya mbele vya kuzunguka. Viti vya kuzunguka vinastahili fedha yake, kwa sababu vinakupa chumba cha ziada bila kilo nyingi. Runinga naiacha kwa familia iamue.

Yakitokea haya

*Betri ya ndani inakufa usiku.* Pima volti asubuhi, kila kitu kikiwa kimezimwa. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, ikisoma 12.0 au chini baada ya usiku wa matumizi madogo, imechoka. Ikisoma vizuri ukiwa nyumbani lakini haijai ukiendesha, rudi kwenye suala la altaneta.

*Friji ya gesi haipozi.* Friji inayotumia gesi, volti 12 na umeme wa kambi lazima isimame sawa. Tafuta mahali tambarare au weka vipandio chini ya magurudumu. Kwa volti 12 hufanya kazi injini ikiwa inaunguruma tu, na huhifadhi ubaridi zaidi ya kuuanzisha, kwa hiyo ipoze nyumbani kwa umeme usiku mmoja kabla ya safari.

*Pampu ya maji inajiwasha yenyewe usiku.* Presha inapungua mahali fulani. Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo cha bomba. Itakapolowa ndipo panapovuja. Kama viungo vyote ni vikavu, shuku vali ya pampu yenyewe. Na ikiwa kempa ililala nje wakati wa barafu bila kumwagwa maji, kagua tangi la kuchemshia maji kabla ya kitu kingine.

*Gari linainama nyuma au linayumba likipitwa na lori.* Pima ekseli ya nyuma kabla ya kununua springi za hewa. Mara nyingi mzigo unatakiwa kusogezwa mbele ya gurudumu la nyuma, na maji ya kuogea yajazwe mkifika.

*Vioo vinalowa kila asubuhi.* Fungua feni ya paa kidogo usiku kucha hata kama kuna baridi, funika sufuria mnapopika, na usianike nguo ndani. Ikiwa maji yanatokea kona moja tu, au yanatokea usiku ambao hakuna aliyelala humo, hayo hayatokani na pumzi zenu. Toa kipima unyevu na urudi hatua ya 3.